Ni Mpito wa Kuelekea Ukomo wa Hedhi, au Kuna Kingine? Hatua za Kutafuta Chanzo

Swali hili naulizwa mara kwa mara, na huja kwa maneno yaleyale: "Nina miaka arobaini na kitu. Usiku nalowa jasho, sipati usingizi, moyo unaenda mbio, hedhi imevurugika. Nimeambiwa ni umri. Ni kweli?" Huenda ni kweli. Lakini umri haupimwi maabara, na mwanamke akishaambiwa hivyo mara moja, kila dalili inayofuata hutupwa kwenye kapu hilohilo. Kabla hujalifunga kapu lako, likague.

Mimi nilijifunza haya kwa dada yangu mkubwa. Alikuwa na miaka 47 joto, jasho na kukosa usingizi vilipomwanza. Kituo cha afya alichokwenda walimwambia avumilie, ni mambo ya utu uzima. Akapungua uzito, watu wakampongeza. Pete ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni. Siku moja nilimkuta dirishani na sindano mkononi, anatafuta tundu; uzi unapita kushoto, unapita kulia. Akasema macho yamechoka. Nikamshika mkono. Hayakuwa macho, vidole vilikuwa vinatetemeka. Tezi yake ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Kipimo kimoja cha damu kingeligundua tatizo hilo mwaka mzima kabla.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Mpito ni miaka ambayo ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai, zinapunguza kazi, na homoni hupanda na kushuka bila mpangilio mpaka hedhi ikome. Wengi huuanza wakiwa katika miaka ya 40. Ukomo wenyewe huhesabiwa ukitimiza miezi 12 bila hedhi, na kwa wengi huangukia kati ya miaka 45 na 55. Shida ni kwamba uchovu, jasho, hasira za ghafla na usahaulifu ni dalili za magonjwa mengine mengi pia. Na jambo ambalo wengi hulisahau: unaweza kuwa kwenye mpito na ukawa na ugonjwa mwingine kwa wakati mmoja. Kupata kimoja hakukifuti kingine.

Usianze na daftari, nenda hospitali leo, ikiwa:

- kifua kinabana, unakosa pumzi, umezirai, au moyo unaenda mbio na hautulii hata ukipumzika;
- damu inalowesha pedi nzima kila saa, kwa saa 2 mfululizo au zaidi;
- upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, mdomo umepinda, au maneno hayatoki vizuri;
- kipimo cha mimba kimeonyesha unayo, na una maumivu makali ya tumbo la chini au unatokwa damu;
- umeanza kufikiria kujidhuru.

Vya kuandaa

Daftari na kalamu. Saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Kipimajoto. Mizani. Kipimo cha mimba cha mkojo. Mfuko mmoja wa kutia dawa zote unazotumia. Mashine ya presha ikiwa unaweza kuazima. Halafu mwulize mama, shangazi au dada zako mambo mawili: hedhi yao ilikoma wakiwa na umri gani, na kama kwenu kuna ugonjwa wa tezi ya shingo, kisukari, au saratani ya matiti, ovari au kizazi.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili

Usiandike "nilijisikia vibaya". Andika kama hivi:

*Jumatano. Saa 9 usiku nimeamka, shingo na kifua vimelowa. Joto lilianzia kifuani likapanda usoni. Dakika 3. Kisha baridi. Kipimajoto 36.6. Mapigo 88. Jioni nilimeza dawa ya mafua.*

Mistari hii michache ina mengi. Joto la mpito kwa kawaida huja kama wimbi: huanzia kifuani au usoni, hudumu dakika 1 hadi 5, huacha jasho na wakati mwingine baridi, kisha huondoka, na kipimajoto hakionyeshi homa. Ukiona joto lako halifanani na hilo, weka alama. Kama unahisi joto mchana kutwa na huvumilii hata chumba ambacho wenzako wanaona kina baridi, fikiria thairoidi. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, hiyo ni homa, na homa ina sababu yake.

Andika pia tarehe za hedhi za miezi 6 iliyopita kadiri unavyokumbuka, na uzito wako mara moja kwa wiki.

Kosa la kawaida: kuandika usiku mbaya tu. Andika na usiku uliolala vizuri, pamoja na ulichofanya siku hiyo. Pombe, kwa mfano, huamsha joto na huvuruga usingizi, na hutaligundua hilo kama hujaandika siku ambazo hukunywa.

Hatua ya 2: Pima mimba

Najua. Wengi hapa hucheka au hukasirika. Pima tu. Hedhi kuchelewa, matiti kuuma, uchovu na kichefuchefu huweza kuwa mpito na huweza kuwa mimba, na yai linaweza kupevuka hata katika mwezi ambao hukulitarajia. Ushauri unaotolewa kwa wengi ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho ikiwa hujafika miaka 50, na mwaka 1 ikiwa umevuka 50.

Hatua ya 3: Mwaga dawa zako zote mezani

Zote: za hospitali, za dukani, za mitishamba, vidonge vya nywele na kucha. Kando ya kila moja andika ulianza lini, kisha linganisha na siku dalili zilipoanza. Hapa ndipo wengi hupata jibu bila hata kutoboa mshipa.

Baadhi ya dawa za sonona, kama sertraline na venlafaxine, huleta jasho jingi. Amlodipine na nifedipine za presha huweza kukuletea wekundu na joto usoni. Prednisolone huondoa usingizi na kubadilisha hisia. Salbutamol ya pumu na dawa nyingi za mafua huukimbiza moyo. Tamoxifen, inayotumika kwa saratani ya matiti, huleta joto linalofanana kabisa na la mpito. Metoclopramide, domperidone na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupandisha homoni ya prolaktini, na hiyo huweza kusimamisha hedhi. Ukiona maziwa yanatoka na hunyonyeshi, mweleze daktari, hasa kama kichwa kinauma au unaona kwa shida pembeni. Ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya kundi la glibenclamide, jasho la usiku linaweza kuwa sukari iliyoshuka. Pima sukari saa hiyohiyo unapoamka umelowa.

Onyo: usiache dawa kwa kuishuku tu. Dawa za sonona, za presha na prednisolone zikikatizwa ghafla huweza kuleta madhara makubwa kuliko jasho. Peleka orodha kwa daktari au mfamasia muamue pamoja.

Hatua ya 4: Jikague mwili

Asubuhi ukiamka, kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili chini ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 60. Rudia siku 5. Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Dada yangu alikuwa akipata 108 kabla hata hajainua kichwa.

Kisha nyoosha mkono mbele, kiganja chini, mtu akuwekee karatasi nyepesi juu ya vidole. Ikitetemeka ukingoni kama jani, iandike. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, umeze mate, utazame kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka katikati ya shingo.

Mapigo ya juu, kutetemeka, kupungua uzito huku unakula vizuri, choo cha mara kwa mara, hedhi kuwa nyepesi: hiyo ni picha ya thairoidi iliyozidi. Upande wa pili kuna thairoidi iliyolegea: unasikia baridi kuliko wenzako, uzito unaongezeka, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinakatika, mwili mzito, hedhi nzito. Hii ya pili ndiyo hujificha zaidi, kwa sababu karibu kila kitu ndani yake wanawake wameambiwa ndio utu uzima.

Viungo navyo vitazame. Maumivu ya hapa na pale huja na mpito. Lakini vidole vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, omba uchunguzi wa baridi yabisi.

Hatua ya 5: Isome damu ya hedhi

Hapa naomba utulie, maana ndipo wanawake wengi huvumilia mno. Katika mpito, hedhi kuruka mwezi au kubadilika siku ni kawaida. Lakini hesabu: unabadilisha pedi kila baada ya saa 1 au 2? Unaamka usiku kubadilisha? Mabonge ni makubwa kuliko sentimeta 2.5? Inapita siku 7? Hiyo ni hedhi nzito, na chanzo chake huweza kuwa uvimbe wa fibroidi, vinyama ndani ya kizazi, thairoidi iliyolegea, au ukuta wa kizazi ulionenepa. Chanzo chochote kile, hedhi hiyo inakumaliza madini ya chuma.

Chuma kikipungua, unapata uchovu usioondoka kwa kulala, moyo kudunda ukipanda ngazi, kichwa kizito, nywele kukatika, miguu isiyotulia usiku, na hamu ya kutafuna vitu kama barafu au udongo. Soma orodha hiyo tena uone ilivyo karibu na ya mpito. Nimekutana na wanawake walioanza kutafuta dawa za kumbukumbu kumbe ghala la chuma lilikuwa tupu.

Kuna damu tatu ambazo hazisubiri: inayotoka katikati ya hedhi na hedhi, inayotoka baada ya tendo la ndoa, na inayotoka baada ya miezi 12 bila hedhi, hata kama ni tone. Nyingi chanzo chake si saratani, ila saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi hujitangaza hivyo, na ikikutwa mapema hutibika vizuri zaidi. Omba kuchunguzwa mlango wa kizazi, ultrasaundi, na daktari akiona inafaa, kipande cha ukuta wa kizazi kipelekwe maabara.

Tumbo nalo: likijaa karibu kila siku, ukashiba haraka, nyonga zikauma, ukakojoa mara nyingi kuliko ulivyozoea, na ni jambo jipya kwako, taja ovari kwa jina unapoongea na daktari. Hali hiyo ikitokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, usiendelee kujitibu gesi.

Hatua ya 6: Lichunguze jasho la usiku

Jasho likilowesha shuka mpaka ubadilishe, jiulize: nina kikohozi cha wiki 2 au zaidi? Homa? Uzito unapungua bila kujinyima? Kuna tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, pima kifua kikuu na VVU, na daktari akague tezi, kwa kuwa saratani ya limfu pia huja hivyo.

Kisha mwulize anayelala karibu nawe kama unakoroma, unakatika pumzi, halafu unashtuka. Kukatika pumzi usingizini huleta jasho, kichwa kuuma asubuhi na usingizi wa mchana. Mwenyewe huwezi kujua, umelala.

Kuna sababu nadra ambazo nazitaja ili usipitwe. Kichwa kugonga, jasho na moyo mbio vikija pamoja kwa vipindi, na presha ikapanda sana wakati huo, daktari afikirie uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo. Wekundu usio na jasho ukiambatana na kuharisha pia unahitaji uchunguzi wake.

Hatua ya 7: Omba vipimo vya msingi

Huhitaji orodha ndefu. Kwa wengi, hivi hutosha kuanzia:

- Picha kamili ya damu. Hemoglobini chini ya 12 g/dL kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu.
- Feritini, yaani akiba ya chuma. Huweza kuwa chini sana wakati hemoglobini bado ni nzuri, ndiyo maana kimoja hakitoshi.
- TSH, homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi.
- Sukari. Ya kufunga ikiwa 7.0 mmol/L (126 mg/dL) au zaidi, au HbA1c (wastani wa sukari ya takribani miezi 3) 6.5% au zaidi, ni kiwango cha kisukari. Kama huna dalili zake, kipimo hurudiwa kuthibitisha. Kiu, kukojoa mara nyingi na fangasi wa ukeni wanaorudi hukupeleka hapa.
- Vitamini B12, hasa kama una ganzi, usahaulifu, hutumii vyakula vya wanyama, au unatumia metformin kwa muda mrefu.
- Mkojo, ukiwa na maumivu au haraka ya kukojoa. Mwasho wenye mabaka meupe sehemu za siri unahitaji kuangaliwa kwa macho, usipake tu krimu.
- Presha, na kipimo cha umeme wa moyo ikiwa moyo unaruka mapigo.

Makosa mawili yanayoharibu majibu. La kwanza ni biotini, iliyomo kwenye vidonge vingi vya nywele na kucha. Kwa dozi kubwa huvuruga baadhi ya mashine za maabara na kuonyesha thairoidi imezidi wakati ni nzima. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na uiseme maabara. La pili ni kukimbilia kipimo cha FSH, homoni inayozisukuma ovari zifanye kazi. Ukiwa umevuka 45 na dalili zako ni za kawaida za mpito, hakikusaidii sana: leo iko juu, wiki ijayo imeshuka.

Chini ya miaka 40 mambo ni tofauti kabisa. Hedhi ikipotea kwa miezi 4 na si mimba, FSH ni muhimu, na mara nyingi hupimwa mara 2 kwa kupishana wiki 4 hadi 6. Takribani mwanamke 1 kati ya 100 ovari zake hupungukiwa kazi kabla ya miaka 40, na anahitaji matibabu ya kulinda mifupa na moyo. Usikubali kuambiwa "umeanza mapema tu" ukarudi nyumbani.

Hatua ya 8: Nenda kwa daktari na sentensi tatu

Ukimwaga dalili 20 kwa pamoja, zitapewa jina moja. Sema hivi: "Kinachonisumbua zaidi ni hiki na hiki, tangu mwezi fulani. Nimeandika, daftari hili hapa. Naomba tuhakikishe si thairoidi, chuma wala sukari kabla hatujasema ni umri." Kisha nyamaza, msubiri ajibu. Ukiwa mtu wa kusitasita, nenda na mwenzako.

Na moyo wako usiufiche. Huzuni isiyoondoka kwa wiki 2, kukosa raha na vitu ulivyovipenda, au wasiwasi unaokuzuia kufanya kazi, vina tiba yake, na huna haja ya kungoja homoni zitulie.

Ukikwama

*Majibu yote ni mazuri.* Basi mpito unapata nguvu kama maelezo, na joto na jasho vina tiba yake, usirudi kuvumilia. Uliza kuhusu tiba ya homoni na zisizo za homoni. Dalili mpya ikitokea, anza tena hatua ya 1 kwa dalili hiyo.

*Jibu liko mpakani.* Uliza lirudiwe lini. Feritini hupanda ukiwa na maambukizi, kwa hiyo feritini "nzuri" iliyopimwa ukiwa mgonjwa inaweza kuficha upungufu.

*Natumia chuma, sijaona nafuu.* Hemoglobini hupanda kwanza, akiba hujaa baadaye. Vidonge huendelea kwa takribani miezi 3 baada ya hemoglobini kurudi sawa. Na kama hedhi nzito haijatibiwa, unajaza ndoo iliyotoboka.

*Nimeanza dawa ya thairoidi, bado sijielewi.* TSH hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Ikishatulia na joto la usiku likabaki, sasa una sababu nzuri ya kuujadili mpito. Kwa dada yangu ilikuwa hivyo: mapigo yalishuka mpaka 74, mkono ukatulia, lakini mawimbi ya joto yalibaki, nayo yakapewa tiba yake.

*Niko kwenye sindano ya uzazi wa mpango au nina kitanzi cha homoni.* Hedhi yako haiwezi kukuambia kitu. Tegemea daftari la joto na usingizi, na mwambie daktari unatumia nini kabla ya kipimo chochote cha homoni.

*Nilitolewa kizazi.* Ovari zikibaki, mpito utakuja bila hedhi ya kukuashiria. Zikitolewa zote mbili, ukomo huanza mara moja. Kama hujui kilichotolewa, omba muhtasari wa upasuaji pale ulipofanyiwa, utunze nakala.

*Daktari hataki kupima.* Mwombe aandike kwenye faili kwamba uliomba TSH, feritini na sukari, na sababu ya kutopima. Akishikilia msimamo wake, nenda kwa mwingine na daftari lilelile, na umwonyeshe kwanza ukurasa wenye mapigo na uzito.